Pointi za kuua na pointi za kuponya ni zilezile? Namjibu kijana wa Uyole

Kuna kijana wa Uyole, Mbeya, kaniandikia, nafupisha maana aliandika ndefu kweli: "Shikamoo dokta. Nina miaka 22, najifunza karate huku mtaani. Mwalimu wetu anasema mwilini kuna pointi 36 za kuua, nyingine ukimgusa mtu leo anakufa baada ya siku tatu, alafu hizohizo ukizibonyeza taratibu zinatibu. Bi mkubwa wangu anauza viazi pale SIDO Mwanjelwa, kichwa kinamsumbua sana na mgongo, nataka nianze kumbonyeza mwenyewe. Ni kweli au ni mambo ya movie? Na ile ya kumpiga mtu shingoni pembeni akazima ipo kweli?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza tuwekane sawa, mi sio daktari, ni mtu wa fiziotherapia, shughuli yangu ni misuli, mifupa na neva (mishipa ya fahamu), na ujanani nilicheza judo kwaiyo swali lako linanihusu pande zote mbili. Jibu fupi ni kwamba sehemu hizo zipo, uchawi wake ndo haupo. Sasa ngoja nikupe refu.

Mwili unajua kujificha. Neva kubwa na mishipa mikubwa ya damu karibu yote inapita ndani kabisa, chini ya misuli au nyuma ya mfupa, huko ngumi haifiki. Ila kuna sehemu inabidi ivuke kiungo au izunguke mfupa, na hapo inakuja juujuu, imefunikwa na ngozi na kinyama kidogo tu, ni kama fundi umeme aliyefukia waya zote ukutani alafu kwenye kona mbili tatu akaziacha nje. Hizo kona ndo mnaziita pointi. Wachina wana orodha yao, ile ya Shirika la Afya Duniani ina pointi 361, Wahindi kwenye maandishi ya zamani ya Sushruta wana 107 wanaziita marma, Wajapani kwenye karate wanasema kyusho, na mwalimu wako ana 36. Hesabu hazilingani na wala zisikuumize kichwa, maana ukizichora zote kwenye mwili mmoja utaona nyingi zinarundikana maeneo yaleyale, kwenye kifundo cha mkono, kiwiko, chini ya goti, shingo, chini ya kisogo, na sababu ni anatomia, watu wa nchi tofauti walikuwa wanapapasa mwili uleule.

Jaribu hapohapo ulipo. Kunja mkono, tafuta mfupa uliochomoza upande wa ndani wa kiwiko, ule unaogusa mbavu ukibana mkono. Nyuma yake kuna kijibonde, weka kidole, bonyeza kidogo huku unakisogeza, utasikia kitu kama kamba kinateleza chini ya kidole. Hiyo ni neva ya alna. Ukiibana zaidi unapata shoti inashuka mpaka kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete, kwenye dole gumba haifiki hata ufanyeje, kwasababu kila neva ina eneo lake inalohudumia. Ukielewa hapo umeelewa zaidi ya nusu ya hii elimu. Kwanza unajua nini kipo chini ya kidole chako, alafu ndo unajua ukikibonyeza kitafanya nini, na hakuna kitakachotokea nje ya hapo.

Sasa swali la kwamba za kupigia na za kutibia ni zilezile. Nyingi ndiyo, na nakupa moja tuichambue. Chini ya goti upande wa nje kuna kinundu cha mfupa, kipapase, hicho ni kichwa cha fibula, ule mfupa mwembamba wa mguu wa chini. Shingoni mwa huo mfupa, chini tu ya kinundu, inazunguka neva inayoitwa peronia na haina kinga yoyote, mfupa uko nyuma yake na ngozi iko mbele. Wachina wana pointi mbele na chini kidogo ya kinundu hicho, wanaiita Yanglingquan, wanaitumia kwa maumivu ya goti na mguu. Mpiga teke naye anaitafuta hapohapo, ikimpata mtu sawasawa mguu unakufa ganzi, nyayo inagoma kuinuka na mtu anaburuza vidole. Na sio lazima teke, watu wanaochuchumaa kutwa nzima shambani wanavuna viazi, neva hiyo inabanwa kwenye goti lililokunjwa, jioni mtu akisimama mguu hauinuki anasema karogwa na jirani. Hajarogwa, kachuchumaa. Mara nyingi inarudi yenyewe kwa siku au wiki, ikigoma aje hospitali asikae nayo. Kwaiyo unaona, sehemu ni moja, tofauti ni nguvu, muda na kitu ulichotumia. Dole gumba kwa dakika mbili ni tiba, gunia la lumbesa likidondokea hapo ni ajali.

Tuje kwenye hii ya kugusa leo mtu akafa keshokutwa. Wachina wa kusini wanaiita dim mak, na Bruce Lee, yule wa movie za kung fu, alipokufa Hong Kong tarehe 20 Julai 1973 watu wakasambaza kwamba kaguswa. Madaktari walikuta ubongo umevimba, na mengi yakaelekezwa kwenye dawa ya maumivu aliyomeza siku ile. Lakini mi siwacheki wazee waliotunga hizi stori, nadhani waliona kitu cha kweli wakakosa maelezo yake. Angalia panja. Mfupa wa pale ni mwembamba kuliko sehemu nyingi za fuvu na kwa ndani yake unapita mshipa wa damu unaolisha utando wa ubongo. Mtu anapigwa, anazimia kidogo, anaamka, anacheka na wenzake, anakula hata ugali, kumbe ule mshipa umepasuka na damu inajikusanya polepole kati ya fuvu na utando, baada ya masaa kichwa kinauma vibaya, anatapika, anasinzia, haamki tena. Sasa miaka mia tatu nyuma bila CT skan, ile mashine ya kupiga picha ndani ya kichwa, ungeielezeaje hiyo? Ungesema yule bwana ana mkono wa kifo. Ndo maana kwenye mazoezi mwenzenu akigongwa kichwa akazimia hata kwa sekunde mbili, asirudi uwanjani siku hiyo na asiachwe alale peke yake geto, na akianza kutapika au kusinziasinzia ovyo ni hospitali usiku uleule, msisubiri asubuhi.

Ya pili ni bandama, na hii inatuhusu sana sisi huku. Bandama ipo kushoto, imejificha chini ya mbavu za 9 mpaka 11, kwa mtu mzima mwenye afya huwezi hata kuipapasa. Ila malaria ya kujirudiarudia inaivimbisha, inatoka nje ya kinga ya mbavu na inakuwa laini, pigo dogo tu inapasuka, wakati mwingine inavuja polepole ndani ya tumbo siku kadhaa. Nyie wa Uyole kwenye baridi malaria sio kubwa, ila kwenye mazoezi mnakuwa na wenzenu waliokulia Kyela au kwenye mashamba ya mpunga Usangu, mtu katoka kuumwa wiki mbili zilizopita anavaa gi, nguo ya karate, anasema yuko fiti. Mwambie apumzike, na asipigwe teke la mbavu za kushoto kwa muda mrefu tu.

Hizi zingine za tumboni nazipitia haraka. Chembe ya moyo ukipigwa pumzi inakata kwasababu diaframu, msuli wa kupumulia, inakakamaa, inaachia yenyewe ndani ya dakika moja, kaa umeinama mbele tu, hii tabia ya kumnyanyua mtu kwa mkanda mnajifurahisha. Ini ni kulia chini ya mbavu, ukipigwa pale kunakuwa na kama sekunde moja ya kimya alafu mwili wote unakunjika na hakuna ujasiri utakaokusimamisha, bondia Oscar De La Hoya mwenyewe alikaa chini raundi ya 9 mbele ya Bernard Hopkins mwaka 2004 kwa ngumi ya hapo. Hakuna siri yoyote, mabondia wanaifanyia mazoezi kila siku.

Na kuna wale wa kuzimisha watu bila kuwagusa, wanapunga mkono wanafunzi kumi wanaanguka. Japani kulikuwa na mzee Yanagi Ryuken alijulikana kwa hilo, mwaka 2006 akakubali kupigana na mpiganaji wa kweli ambaye sio mwanafunzi wake. Alipigwa vibaya hadi nilimhurumia, video ipo.

Haya, kuponya. Hapa wabishi wako pande mbili, kuna wanaosema kubonyeza kunatibu kila kitu mpaka sukari, na kuna wanaosema ni utapeli mtupu, wote nawakatalia. Mwaka 1965 watafiti wawili, Melzack na Wall, walieleza kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kama geti, taarifa za maumivu na taarifa za kuguswa zinagombania kupita, ukibonyeza au kusugua unajaza geti taarifa za kuguswa na maumivu yanapungua. Si ndo maana ukijigonga muundi kwenye kitanda kitu cha kwanza ni kujisugua? Kingine ni misuli yenyewe, inatengeneza vifundo vigumu vinavyouma na kurusha maumivu mbali, ukikibana kifundo kwa muda kinalegea. Kwaiyo faida ipo. Lakini kama lazima uguse pointi ileile haswa ya kwenye ramani, hapo ushahidi unayumba. Wajerumani walifanya utafiti mkubwa uliotoka 2007, wagonjwa wa mgongo zaidi ya 1,100, wengine wakachomwa sindano nyembamba zisizo na dawa kwenye pointi za Kichina zenyewe, wengine wakachomwa kijuujuu sehemu za uongo, wengine wakapata tiba ya kawaida ya dawa na mazoezi. Waliopata nafuu kwenye pointi za kweli ni asilimia 47.6, za uongo 44.2, tiba ya kawaida 27.4. Isome vizuri hiyo. Kuchomwa kumesaidia watu kuliko tiba ya kawaida, lakini pointi ya kweli na ya uongo zimekaribiana mno. Maana yake ukikosea sentimita moja kwenye bega la mama hujaharibu kitu, ila usije ukamtoza mtu elfu hamsini eti wewe ndo unaijua pointi.

Sasa bi mkubwa. Kabla hujaweka kidole mpeleke akapime presha, hiyo kwanza, maana wamama wengi wa umri huo kichwa kinauma na presha iko juu hawajui, na hakuna kubonyeza kunakoshusha presha ya 180. Kama presha iko sawa, mi nawaza shughuli yake. Anakaa kwenye kigoda kifupi, shingo imeinama kutwa anachagua viazi na kupanga sado, anabeba ndoo kichwani, baridi ya mwezi wa sita nayo inamkunja mabega mpaka masikioni. Kichwa cha hivo kinatokea shingoni. Mlaze chali kitandani, wewe kaa upande wa kichwani kwake, ingiza vidole vya mikono yote miwili chini ya kisogo, pale fuvu linapoishia kuna vibonde viwili, kimoja kila upande wa uti wa mgongo. Usimbonyeze. Acha uzito wa kichwa chake mwenyewe ukae juu ya ncha za vidole vyako, dakika moja mpaka mbili, utasikia misuli inalegea na mara nyingi atashusha pumzi ndefu bila kuambiwa. Alafu aketi, shika ule msuli mnene kati ya shingo na bega, ubane kwa dole gumba na vidole viwili ukitafuta sehemu ngumu. Ukiipata atakwambia "hapohapo, na inapanda mpaka panjani," basi hicho ndo chanzo, ushikilie kama dakika moja, maumivu yawe yale ya mtu anayeweza kuendelea kupiga stori. Akikunja uso umezidisha.

Shingo usiizungushe wala usiivunje. Hii ya kinyozi kumaliza kunyoa anakukamata kichwa anakipindua kinalia kha, mi siipendi hata kidogo, kuna mishipa miwili ya damu inapanda ubongoni ndani ya vitobo vya mifupa ya shingo yenyewe, ikichanika utando wa ndani damu inaganda pale, bonge likipanda juu ni kiharusi, na linawapata vijana kabisa.

Mgongo wake bonyeza misuli ya pembeni ya uti, sio juu ya mifupa, na msimwambie mtoto amkanyage mgongoni, mama mtu mzima mifupa yake hamuijui. Akikwambia sehemu za kukalia zina ganzi au mkojo hausikilizi, hiyo ni dharura, siku hiyohiyo hospitali. Na kama maumivu yanamwamsha usiku, anakonda na kutoka jasho, akapimwe TB, maana TB ya uti wa mgongo ipo na watu wanachuliwa nayo miezi wakati dawa zake ni bure.

Moja ya bonasi maana hii nakutumia na mwenyewe. Kwenye kifundo cha mkono upande wa kiganja, weka vidole vitatu vya mkono mwingine kuanzia kwenye mkunjo wa kifundo, pale kidole cha tatu kinapoishia kuna kano mbili zinatokeza ukikunja ngumi, bonyeza katikati yake. Wachina wanaiita Neiguan, chini yake inapita neva ya midiani. Hii ndo pointi yenye ushahidi mzuri kuliko nyingi, kwa kichefuchefu baada ya operesheni imelinganishwa na dawa na haikuachwa mbali. Kwa kichefuchefu cha safari matokeo ni mchanganyiko, lakini basi likianza kupanda Kitonga na abiria wa pembeni kashaomba mfuko, kubonyeza ni bure. Mjamzito na yeye Neiguan anaruhusiwa. Ile ya kati ya dole gumba na kidole cha shahada, ya maumivu ya meno na kichwa, waalimu wa Kichina wanakataza kwa mjamzito tangu zamani, na mi namwachia hivohivo.

Mwisho shingo ya pembeni, ile uliyouliza. Ipo kweli. Gusa pembeni ya koromeo utasikia mapigo, hiyo ni ateri ya karotidi. Usawa wa juu ya koromeo inagawanyika mara mbili, na pale kwenye panda kuna vihisio vinavyopima presha ya damu inayokwenda ubongoni. Ukibonyeza au ukipiga hapo vinadanganyika kwamba presha imepanda, taarifa inapanda chini ya ubongo, neva ya vagasi inaambiwa upunguze moyo na mishipa inalegea, presha inaporomoka mtu anakwenda chini. Madaktari wanaitumia kupunguza mapigo yanayokimbia ovyo, lakini mgonjwa kalala, mashine ya moyo imeunganishwa, wamesikiliza mshipa kwanza, na ni upande mmoja tu. Wachina wana pointi yao hapohapo, Renying, na waalimu wa sindano wanaonya uusogeze mshipa kabla ya kuchoma. Yaani kila aliyeijua hii sehemu aliiogopa. Ngumi haina macho, inaweza kupasua koromeo au kuchana ateri kwa ndani, na ateri iliyochanika inaleta kiharusi masaa au siku kadhaa baadaye, unaona tena ile stori ya siku tatu inapotokea? Mtu mwenye umri ana mafuta yaliyoganda kwenye huo mshipa, kipande kikimeguka imekwisha.

Kabali ni hayohayo kwa njia nyingine. Roba ya mbao ya vibaka mara nyingi inabana koo la hewa, inaumiza na kuvunja. Ya judo inabana ateri za pembeni na mtu anazima chini ya sekunde 15, ndo maana tunafundishwa aliyebanwa agonge mara mbili na anayebana aachie papo hapo, sio baada ya kumalizia sentensi.

Kwaiyo usimwache mwalimu wako kwasababu ya pointi 36, wengi walirithi hizo stori wakazipenda. Muulize kitu kimoja tu, mtu akizimia kwa kabali hapa ndani unafanya nini. Akikwambia unaachia, unamlaza kwa ubavu, unaangalia kama anapumua, kawaida anaamka ndani ya sekunde 20, asipoamka au akiamka anaongea vitu havieleweki au upande mmoja umelegea tunakodi gari tunakwenda hospitali ya rufaa, endelea kujifunza kwake. Akikwambia anamzindua kwa kumchapa kofi la kisogo, tafuta darasa lingine.